Msaada: uvimbe wa mama umeandikwa "gredi 2" na pia "Simpson 2". Ni kitu kimoja?

Kifunguamimba
Wakuu, salaam. Mama yangu, miaka 61, ametolewa uvimbe kichwani, ule unaoitwa meninjioma. Ulikuwa juu upande wa kulia, chini tu ya fuvu. Anaendelea vizuri, anatembea, na kutugombeza ameshaanza. Shida imekuja kwenye makaratasi. Muhtasari wa upasuaji umeandikwa "Simpson 2". Majibu ya kinyama kutoka maabara yanasema "meninjioma ya atipiko, gredi 2", yaani wanasema si ya kawaida. Mdogo wangu kaona hizo mbili mbili, kaingia mtandaoni, katoka na habari kwamba mama ana saratani hatua ya pili. Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka mkubwa anataka mionzi ianze mara moja, mama mwenyewe hataki hata kuisikia. Na kabla ya upasuaji tuliambiwa kwenye picha za MRI unaonekana wa kawaida tu! Mwenye uelewa anifafanulie kabla hatujarudi kliniki.

Bi_Shuwari
Pole sana ndugu yangu. Mgonjwa akianza kugombeza watu ujue nguvu zinarudi. Subirini wataalamu waje, mdogo wako mpumzisheni na simu.

MzeeWaDarubini
Kifunguamimba, nipo upande wa maabara, nitajitahidi. Hizo namba zimeandikwa na watu wawili kuhusu mambo mawili. Simpson ni kipimo cha kazi ya daktari wa upasuaji. Donald Simpson alikipanga mwaka 1957, kina daraja tano. Daraja la 1: uvimbe wote umetoka pamoja na utando wa ubongo ulioushikilia na mfupa ulioathirika. La 2: uvimbe wote umetoka, ila pale uliposhika kwenye utando pameunguzwa badala ya kukatwa. La 3 umetoka lakini pale uliposhika hapakuguswa, la 4 umebaki kiasi, la 5 wamechukua kipande tu au wamepunguza mgandamizo. Katika wagonjwa wake, uvimbe ulirudi kwa asilimia 9 ya wa daraja la 1 na asilimia 19 ya wa daraja la 2. Zama zile hapakuwa na CT wala MRI, kwa hiyo usizibebe hizo asilimia kama za mama yako.

Gredi ni tabia ya seli zenyewe, kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani: 1, 2 na 3. Takribani 8 kati ya 10 ni gredi 1. Ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa II kwa namba za Kirumi usishtuke. Toleo la 2021 ndilo lililohamia namba za kawaida.

"Hatua" ya saratani ni habari nyingine kabisa. Hiyo hupima ugonjwa umesambaa hadi wapi mwilini, na meninjioma ni nadra mno kutoka nje ya kichwa na uti wa mgongo. Haipangwi kwa hatua.

Kuhusu picha: MRI inaweza kuonyesha dalili za kutia shaka, lakini gredi inatolewa kwa kinyama. Aliyewaambia "unaonekana wa kawaida" alisema kilichokuwa kwenye picha.

Tuwekee maelezo ya chini ya jibu la maabara, siyo kichwa chake tu.

Kifunguamimba
Asante sana mzee wangu. Nanukuu: "Mitosisi 6 katika maeneo 10 ya lenzi kubwa. Hakuna uvamizi wa ubongo. Hakuna nekrosisi. Ki-67 asilimia 8."

MzeeWaDarubini
Basi jibu lipo hapo. Mitosisi ni seli zilizokamatwa zikigawanyika. Zikiwa 4 hadi 19 katika maeneo 10 ni gredi 2, zikifika 20 ni gredi 3. Mama ana 6, yaani gredi 2 kwa kigezo hicho kimoja, na upande wa chini wa kundi. Zingekuwa chache, bado angeingia gredi 2 kama uvimbe ungekuwa umepenya ndani ya ubongo, au zingeonekana angalau dalili tatu kati ya tano: seli kusongamana, seli ndogo zenye kiini kikubwa, vijiini vinavyojitokeza sana, seli kupoteza mpangilio, na sehemu kufa zenyewe (ndiyo nekrosisi). Ki-67 inasaidia kupima kasi ya seli kugawanyika lakini yenyewe haipandishi gredi.

Zipo pia zinazopewa 2 kwa aina yake, kama kodoidi na ile ya seli angavu. Aina zote ndogo ni 15, sitawachosha nazo.

Nahodha wa Jahazi
Msimdanganye mwenzenu. Gredi 2 ni saratani, semeni ukweli.

MzeeWaDarubini
Nahodha, inayoitwa saratani bila ubishi ni gredi 3. Gredi 2 ipo katikati: inarudi mara nyingi kuliko 1, inahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Huo ndio ukweli, na hatujamficha.

Mama Pili
Mimi ninayo ya gredi 1, na niwaambie gredi nzuri siyo kila kitu. Yangu iko chini ya fuvu, karibu na mshipa wa jicho. Waliacha kipande kwa makusudi ili nisipofuke, nikaandikiwa Simpson 4. Mama yako alikuwa nayo juu, pale daktari anapofikia kwa urahisi. Shukuruni hilo. Kuhusu mionzi, mwacheni mama aulize mwenyewe. Kichwa ni chake.

DaktariKijana
Naunga mkono. Kwa gredi 3 mionzi hupendekezwa hata kama uvimbe wote umetoka. Kwa gredi 2 iliyotoka yote, wataalamu wenyewe wamegawanyika: wengine wanapiga mionzi, wengine wanafuatilia kwa MRI, na kuna majaribio ya kitabibu yanayolinganisha njia hizo mbili. Kwa hiyo kaka yako na mama yako wote wana hoja.

Kliniki ulizeni kama MRI ya baada ya upasuaji imethibitisha hakuna kilichobaki, na kama kuna haja ya kupima jeni. Tangu 2021, mabadiliko kwenye jeni ya TERT au kupotea kabisa kwa jeni za CDKN2A au CDKN2B huipeleka meninjioma gredi 3 hata kama darubini imesema vingine. Siyo kila mgonjwa anahitaji, ila swali ni la haki yenu.

Kifunguamimba
Nimewasomea wote nyumbani. Kaka kakubali kusubiri kliniki. Mama kasema Mama Pili ndiye mwenye akili humu.

MzeeWaDarubini
Msalimie. Na ulizeni kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta kimehifadhiwa wapi na kwa muda gani. Kipimo cha jeni kikihitajika baadaye, au mkitaka mtaalamu wa pili asome, wataanzia hapo.