Nina laki nane, nianze na vifaa gani kurekodi dramu nyumbani?

mguu_wa_kiki
Wakuu habari za humu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Mimi napiga dramu kanisani huku Morogoro mwaka wa sita sasa, na mwaka jana nikajaliwa kununua seti yangu mwenyewe ya mtumba, kiki (ngoma kubwa ya mguu) inchi 22, snea (ile ndogo ya katikati yenye mlio mkali), tomu tatu, haihati (matoazi mawili ya pedali), na matoazi mawili, kreshi na raidi. Nimeifunga chumba cha nyuma, futi kumi kwa kumi na mbili hivi, chini tailizi, kuta plasta, juu jipsam, na silingi sio ndefu.

Sitaki kufungua studio. Nina mpiga besi yuko Dodoma na mpiga solo yuko Iringa, tumeanza kutunga nyimbo zetu wenyewe, sasa mpango ni mimi nirekodi dramu niwatumie na wao waweke vyao juu yake. Mpaka leo natumia simu, na tukifika kwenye sebene ndio balaa, kiki haisikiki kabisa, ni haihati na matoazi tu shaaaa mwanzo mwisho, mpiga besi ananiambia hajui mguu wangu unakanyaga wapi, na kama yeye hausikii mguu wangu hatuna wimbo hapo.

Nimejichanga nimefika laki nane. Laptopu ninayo, RAM 8. Wiki iliyopita nilikuwa Dar nikazunguka Kariakoo nikaonyeshwa vitu vitatu na vyote vimenivuruga kichwa: miksa ya USB ya chaneli 8 pamoja na sanduku la maiki saba za dramu za bei rahisi, au saundi kadi (kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki kwenye laptopu) ya matundu mawili na maiki mbili nzuri kidogo, au niachane na yote nitafute dramu ya umeme ya mtumba. Muuzaji alinisukuma sana kwenye miksa. Nyie mngefanyaje?

fundi_wa_ziwani
Mkuu usinunue hiyo miksa. Nakuandikia haraka kabla hujatuma hela.

Mimi nilinunua ya namna hiyo 2019, chaneli nane na USB, nikajua kabisa nitapata treki nane kwenye kompyuta, yaani kila maiki na rekodi yake peke yake. Nikafunga maiki saba, nikakaa kutwa nzima napanga, nikarekodi nyimbo nne. Kufungua kwenye kompyuta nakuta treki mbili tu, kushoto na kulia, kila kitu kimeshachanganywa humo ndani, snea imezidi na huwezi kuipunguza bila kuipunguza na haihati. Hizi miksa nyingi za bei ya chini, chaneli ni nane lakini USB inatoa mbili. Dukani hawakuniambia na mimi sikujua la kuuliza. Swali la kuuliza ni moja tu: inapeleka treki ngapi kwenye kompyuta kwa wakati mmoja? Kama jibu halieleweki ondoka.

Kwa hela yako mimi ningetafuta saundi kadi ya matundu manne, mfano Behringer UMC404HD, ina priampu nne za maiki (za kukuza sauti ya maiki) na kila tundu linaingia na treki yake. Itakula sehemu kubwa ya bajeti, najua, lakini hiyo hutaibadilisha kesho. Halafu maiki tatu tu kwa kuanzia, mbili juu na moja kwenye kiki. Tundu la nne liache wazi, siku Mungu akijalia utaongeza ya snea.

Jambo jingine angalia umeme. UMC202HD ya matundu mawili inakula umeme wa USB ya laptopu, lakini 404 ina adapta yake ya ukutani, kwahiyo umeme ukikatika laptopu itabaki inawaka na rekodi imekufa. Kama kwenu unakatika mara kwa mara weka hesabu ya UPS ndogo.

mguu_wa_kiki
Asante sana kaka, umeniokoa maana nilishaomba lipa namba ya muuzaji. Sasa hizo mbili za juu ziwe kondensa (zile nyepesi kunasa sauti, zinazohitaji umeme) au dainamiki (zile za kawaida zisizohitaji umeme)? Na zikae wapi hasa, maana silingi yangu nikinyanyua mkono nikiwa nimesimama naigusa.

mzee_wa_kuchanganya
Kijana mimi nimerekodi kwaya na bendi za makanisa huku Arusha muda mrefu, ngoja nikwambie kitu kabla ya maiki. Chumba chako ulivyokieleza, tailizi, plasta, jipsam na silingi fupi, hicho ndicho kitakachosikika kwenye rekodi kuliko maiki yoyote. Ingia humo piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba kama wa bati unafuatia baada ya kofi, maiki za kondensa zitauchukua huo wote na utaongezeka kila ukigonga toazi.

Usianze kubandika trei za mayai. Nimezikuta kwenye vyumba vingi mno na nasikitika kila nikiziona, hazishiki sauti nzito hata kidogo na zinashika moto upesi. Chukua zulia zito uweke chini ya dramu nzima. Godoro simamisha ukutani nyuma yako, lingine upande wa haihati kama lipo. Mablanketi mazito, yale ya kulalia wakati wa baridi, yatundike yakiwa mbali na ukuta kama kiganja, usiyabandike. Na juu ya dramu, pale pale juu ya matoazi, tafuta namna ya kufunga kipande cha godoro kwenye silingi, maana ndipo mlio unaporudi kwenye maiki zako kwanza. Kabati la nguo lililojaa liache humo humo, linasaidia.

Kuhusu zikae wapi. Kuna mtindo wa Glyn Johns, Mwingereza aliyewarekodi Led Zeppelin mwaka 1968, ule maiki ya juu inakaa kama mita moja juu ya snea. Mzuri sana ila kwa silingi yako maiki itakuwa imebusu jipsam. Wewe tumia wa fimbo mbili. Chukua fimbo zako mbili uziunganishe ncha kwa ncha, zinafika kama sentimita 80. Simamisha katikati ya snea, zinapoishia juu ndipo maiki ya kwanza, inatazama chini. Ya pili inakuja nyuma ya bega lako la kulia, nayo fimbo mbili kutoka katikati ya snea, inatazama snea.

Halafu hapa ndipo watu wanapoharakisha, tafadhali usiharakishe. Tafuta uzi usiovutika, kamba ya kiatu ni fupi, uzi wa fundi mwashi unafaa. Ncha moja ibandike kwa tepu katikati ya snea, ncha nyingine ibandike juu ya kiki usawa wa pale nyundo ya pedali inapogonga. Vuta uzi mpaka kwenye maiki ya kwanza, ubane kwa vidole pale pale unapoigusa maiki. Usiachie vidole. Sogea mpaka maiki ya pili, vidole vyako vinatakiwa viguse maiki hiyo na uzi umekaza pande zote mbili. Kama haifiki au umelegea sogeza stendi, sio uzi. Ukipata hapo, snea inafika maiki zote mbili kwa pamoja na kiki vilevile. Sauti inatembea mita kama 343 kwa sekunde, kwahiyo sentimita 34 tu za tofauti ni milisekunde moja nzima, na hiyo inatosha snea ikapoteza kifua ikabaki karatasi.

Kondensa ndogo mbili zinazouzwa kwa jozi kama Behringer C-2 zinatosha kuanzia, washa volti 48 kwenye saundi kadi la sivyo hazitatoa kitu. Ila fanya chumba kwanza.

coast_grooves
Mimi niko Nairobi, flati orofa ya nne, naomba nitofautiane kidogo na wazee. Dramu ya umeme isidharauliwe. Nilikuwa na dramu ya kawaida nikaletewa kesi na majirani wiki ya kwanza tu, na saa hizi narekodi saa sita usiku na hedifoni, waya mmoja wa USB, napeleka MIDI (taarifa ya nimegonga nini na lini, sio sauti yenyewe) kwenye laptopu na nikikosea kiki moja naisogeza na mausi. Chumba hakinihusu, silingi hainihusu. Mpiga besi wako atasikia kila mguu.

Kitu kimoja tu niseme ukweli, pedali inagonga sakafu na jirani wa chini ataisikia dum dum hata kama hasikii kingine, nilibidi niweke vipande vya mpira na zulia juu yake.

fundi_wa_ziwani
@coast_grooves kwa flati nakubaliana na wewe kabisa. Lakini huyu ana nyumba ya chini na dramu tayari anayo, na laki nane kwa ya umeme ya mtumba atapata yenye pedi za mpira ngumu, haihati yake ni swichi ya kufungua na kufunga tu. Mtu wa sebene haihati ndio pumzi yake, ile nusu wazi nusu imefungwa, pedi ya namna hiyo haitampa.

ngozi_mpya
Jamani mbona hakuna aliyemuuliza ngozi zake zina umri gani? Dramu ya mtumba, ngozi huenda ni zile zile ilizokuja nazo. Mimi ni dada napiga huku Mbeya na nimeshaona watu wanabadilisha maiki mara tatu kumbe snea ina ngozi imebonyea katikati kama sahani. Toa laki moja kwenye hiyo laki nane uweke ngozi ya juu ya snea na ya kiki upande wa nyundo, Remo au Evans, hakikisha sio feki. Kaza kwa kuvuka, ukigusa nati hii nenda ya upande wa pili, zungusha nusu nusu, kisha gonga karibu na kila nati usikie zinasema sauti moja. Ndani ya kiki weka mto mmoja mdogo ugusane na ngozi ya nyuma na mbele kidogo. Snea ikilia sana kunja tishu kidogo uibandike na tepu pembeni.

Na maiki ya kiki, kama hela haifiki ya kiki yenyewe, Shure SM57 inaweza kuanza hapo ukiiweka karibu na nyundo, haitakupa ule uzito wa chini sana lakini mguu utasikika wazi na baadaye ikahamia kwenye snea ambako ndio kwake. Feki zake ni nyingi, nunua kwa mtu utakayemrudia.

Programu ya kurekodi tumia Reaper, wanakupa siku 60 kamili za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, haisumbui laptopu ya RAM 8. Geini (kiasi unachokuza sauti ya maiki) iache chini, ukipiga kwa nguvu zako zote mshale uishie kama desibeli -12, usitamani nyekundu.

mguu_wa_kiki
Wakuu narudi na mrejesho, leo Jumamosi nimeshinda humo chumbani. Sijanunua kitu bado. Nimepiga kofi kama mzee alivyosema na ule mlio upo, mwembamba kama unapiga sufuria. Nikaleta zulia la sebuleni, godoro la futi tano nikalisimamisha nyuma, mablanketi mawili kwenye kamba ya nguo niliyoifunga kona kwa kona. Kofi la pili ule mlio umebaki kidogo tu upande wa dirisha.

Ngozi ya snea nimeitazama kwa tochi, dada umesema kweli, imebonyea katikati na koti lake (ile rangi ya juu yenye mkwaruzo) limeisha. Ya kiki ina tundu limezibwa na plasta ya hospitali, nafikiri ni ya mwenye nayo wa kwanza.

Halafu nikachukua simu ile ile, nikaifunga na tepu kwenye stendi ya toazi fimbo mbili juu ya snea, nikapiga sebene dakika mbili nikamtumia mpiga besi bila kumwambia nimebadilisha nini. Amejibu "leo umetumia maiki gani?" na akarudisha besi yake juu yake ndani ya saa moja.

Kwahiyo nimeamua, ngozi mbili kesho kutwa, 404 mwisho wa mwezi na jozi ya C-2, ya kiki nitaanza na SM57. Mzee wa Arusha naomba uniambie, pale dirishani niweke blanketi juu ya kioo au nisogeze dramu kabisa?

mzee_wa_kuchanganya
Sogeza dramu kwanza, kioo kiwe ubavuni mwako kisiwe usoni, halafu piga kofi tena uniambie.