Tupeane uzoefu: ulitibiwa nje ya nchi, mambo yakaharibika, ulidai haki yako wapi?

Ndugu zangu, salaam. Nilibadilishiwa nyonga nje ya nchi, katika hospitali yenye ithibati ya kimataifa. Wiki ya tatu baada ya kurejea, kidonda kilianza kutoa usaha. Daktari aliyenipokea alitaka kujua aina ya kiungo bandia nilichowekewa na dawa nilizopewa, lakini muhtasari niliokabidhiwa siku ya kuruhusiwa ulikuwa ukurasa mmoja usio na lolote kati ya hayo. Nilipolalamika, nilikumbushwa kwamba fomu niliyotia saini asubuhi ya upasuaji, nikiwa tayari nimefunga kula, ilisema kila mgogoro utaamuliwa na mahakama za nchi ile. Ithibati niliyoitegemea huombwa na hospitali kwa hiari yake. Hupima mifumo ya hospitali, wala haimpi mgonjwa mahali pa kudai fidia. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaozibana nchi zote katika jambo hili, na hilo linaniuma kuliko kidonda. Je, yupo aliyefanikiwa?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana. Kaka yangu alifanikiwa kwa kiasi, kwa sababu alikuwa na bima ya nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya na alitibiwa katika nchi nyingine ya Umoja huo. Agizo la mwaka 2011 kuhusu matibabu ya kuvuka mipaka linampa mgonjwa haki ya nakala ya kumbukumbu zake, na linaitaka nchi yake imwendeleze kwa uangalizi uleule ambao angeupata kama angetibiwa kwao. Ukiwa nje ya mfumo huo, haki hizo hazikufikii.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa wetu alitoweka, akarudi na figo mpya bila karatasi hata moja. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linalaani biashara ya viungo vya binadamu, lakini ni tamko la wataalamu, si sheria. Na mkataba wa Baraza la Ulaya dhidi ya biashara hiyo, ulioanza kutumika mwaka 2018, unazifunga nchi zilizouridhia tu. Tulimtibu huku tukibahatisha ni maambukizi gani aliyoyapata kwa mtoaji. Kuhusu mtoaji mwenyewe, hatukupata wa kumuuliza kama yu hai.