Naomba ushauri: orodha ya kuzuia seva imetukatia watu wema

Ndugu zangu, nipo Mtwara Mikindani, ambako mimi na wenzangu tunaendesha seva ndogo ya Mastodon (mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi huru zinazowasiliana) kwa wakulima wa korosho na walimu. Tulipochoshwa na matangazo ya kitapeli, niliingiza orodha ya kuzuia iliyoandaliwa na watu nisiowajua, nikazisimamisha seva zote zilizotajwa badala ya kuzibana tu, yaani kuficha machapisho yao kwa wasiowafuata. Kumbe kusimamisha hukata kabisa ufuatanaji wa watumiaji wa pande zote mbili, na zuio likiondolewa haurudi wenyewe. Mwalimu mmoja wa Lindi amepoteza wafuasi wake wa Ujerumani, na hasira zake ni za haki. Je, niikague orodha seva moja moja, au niifute na kuzuia zile tu ambazo uovu wake tumeushuhudia wenyewe?