Kusoma vinasaba vya vimelea vya jicho: kipimo cha mwanzo au cha mwisho?

Wadau, nalileta hili tulijadili kwa kina.

Mgonjwa anakuja jicho jekundu, mwanga unamchoma, ndani kuna uvimbe. Daktari hana budi kuamua: ni kimelea, au ni kinga ya mwili inayolishambulia jicho? Ikiwa ni kinga, steroidi (dawa za kushusha kinga na uvimbe) zitatuliza. Ikiwa ni kimelea, kama virusi vya hepesi au toksoplazma, steroidi peke yake zinamfungulia adui mlango, na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ikishaharibika hairudi.

PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kimelea ulichokitaja, hujibu ulichoiuliza tu. Ukiiuliza hepesi, itakwambia hepesi ipo au haipo, basi. Na chumba cha mbele cha jicho kina majimaji ya robo mililita hivi. Huwezi kuchota kila siku ukabahatisha upya. Kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye tone hilo hakuhitaji kumtaja mshukiwa kwanza. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia njia hiyo wakamkuta na virusi vya rubela mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa macho kwa miaka 16. Miaka 16!

Msimamo wangu: PCR ikirudi hasi na chanzo hakijulikani, kipimo hiki kifanyike kabla ya kumwanzishia mtu steroidi za muda mrefu, si baada ya kila kitu kushindikana.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mleta mada, naomba nitofautiane nawe. Mimi ni mtu wa maabara. Sehemu kubwa ya kinachosomwa ni vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, halafu vya bakteria wa ngozi, wa glavu, hata wa kemikali tunazotumia. Mchukulie bakteria Cutibacterium acnes. Anaishi kwenye ngozi zetu sote, lakini pia anaweza kujificha jichoni baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, akachoma polepole kwa miezi. Akitokea kwenye majibu, ni mkosaji au mpita njia? Mashine haisemi. Kuotesha sampuli maabara kuna faida yake: bakteria akiota, unamjaribu kwa dawa ukajua ipi inamuua. Na huyo wa rubela, angepewa dawa gani? Rubela haina dawa.

*Mchangiaji wa pili:*
Mie nina swali ambalo hamjaligusa. Hivyo vinasaba vya mgonjwa vinavyosomwa pamoja na vya kimelea vinakwenda wapi? Mtu ameleta jicho, hakuleta ukoo wake.

*Mleta mada:*
Ndugu wa maabara, kwenye kidonda cha konea (kioo cha mbele cha jicho) nakubali moja kwa moja. Pale sampuli inakwanguliwa juu juu, hadubini inaweza kuonyesha kuvu siku hiyo hiyo, kuotesha kuanze. Nazungumzia ndani ya jicho, ambako kila tone lina hatari yake.

Kuhusu uchafu, maji matupu yapitishwe hatua zote sambamba na sampuli. Kinachoonekana kwenye maji hakimhusu mgonjwa. Najua hili halimalizi tatizo la Cutibacterium. Hapo daktari atazame jicho na historia ya upasuaji, asisome karatasi peke yake.

Ila la rubela silikubali. Kukosa dawa hakulifanyi jibu kuwa bure. Steroidi za muda mrefu zenyewe huleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Mgonjwa akijua adui ni rubela, daktari ana sababu ya kuacha kumwongezea dawa za kushusha kinga ambazo hazitamfaa. Kwangu hiyo ni tiba.

Ndugu wa pili, umenigusa. Nionavyo, programu ichuje vinasaba vya binadamu na vifutwe kabla faili halijatoka maabara, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya sindano. Je, kuna mtu humu anaona sababu ya kitabibu ya kuvihifadhi?