Nyongeza ya Elden Ring imesakinishwa lakini siioni ndani ya gemu, shida nini?

PadiMbili:
Wakuu, nimeweka Shadow of the Erdtree kwenye PS5. Gemu lenyewe ni la diski, nyongeza nimenunua dukani mtandaoni. Upakuaji umekamilika, nafasi ipo, apdeti ya mwisho ipo. Mhusika wangu ana levo 140, nilishamaliza gemu na nimeshaingia NG+ (mzunguko wa pili wa gemu, mhusika yule yule). Nimezunguka Limgrave (eneo la mwanzo la gemu) yote, sijaona mlango wala ujumbe wowote. Na je, levo 140 inatosha au niongeze kwanza?

Kibodi_Kavu:
Anza na leseni, mkuu. Kwenye orodha ya magemu simama juu ya Elden Ring, bonyeza kitufe cha Options, fungua sehemu ya kusimamia yaliyomo kwenye gemu uone kama nyongeza imeorodheshwa kuwa imesakinishwa. Ikiwa na alama ya kufuli, nenda Settings, Users and Accounts, Other, kisha Restore Licenses.

Lingine ni eneo. Nyongeza lazima itoke eneo lile lile la diski. Diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani hazisomani: itapakuliwa vizuri kabisa, halafu gemu halitaitambua. Angalia pia kama hujaweka toleo la PS4 na la PS5 kwa pamoja, maana kila moja lina mafaili yake. Nyongeza ikiwa kwenye moja nawe unacheza jingine, hutaiona milele.

MzeeWaParry:
Hayo ya leseni ni sahihi, ila nadhani jibu amelitoa mwenyewe: yuko NG+. Nyongeza hii haina mlango Limgrave wala haianzii kwenye menyu. Unaingia kwa kugusa mkono mkavu unaoning'inia kwenye kifuko ndani ya kasri la Mohg, Lord of Blood, na mkono huo haukubali kuguswa mpaka mabosi Mohg na Starscourge Radahn wote wawe wamekufa katika mzunguko huo huo. Uliowaua mzunguko wa kwanza hawahesabiki tena. Wengi hukwama katikati: Mohg kafa, Radahn yuko hai, wanasimama mbele ya kifuko wakidhani gemu limeharibika.

Radahn: tamasha la Redmane Castle huanza ukigusa neema yoyote (kituo cha kupumzikia) ya eneo la Altus Plateau, au ukiwa umefika mbali kwenye kisa cha mchawi Ranni. Kama hutaki kutafuta nusu mbili za medali ya Dectus ya kupandia Altus (ziko Fort Haight na Fort Faroth), pita Ruin-Strewn Precipice umuue Magma Wyrm Makar, utatokea Altus.

Mohg ana njia mbili. Ndefu ni Consecrated Snowfield, ambayo inataka nusu mbili za medali ya siri ya Haligtree. Lango liko upande wa magharibi wa theluji. Fupi ni kisa cha Varré, yule wa barakoa nyeupe. Ukishamuua bosi Godrick mfuate Rose Church, akupe vidole vya kuvamia. Uvamie dunia za wachezaji wengine mara tatu, hata ukishindwa inahesabika. Asiye na intaneti atamkuta Magnus the Beast Claw kwenye Writheblood Ruins, akimuua inatosha. Kisha lowesha kitambaa anachokupa Varré kwa damu ya mtawa (Church of Inhibition yupo mmoja), rudi kwa Varré, upewe medali ya kukupeleka moja kwa moja.

PadiMbili:
Duh, kumbe. Leseni iko sawa, nimeangalia. Basi ni Radahn tena. Na levo?

Kivuli_Cheusi:
Levo 140 inatosha, usipoteze muda kulima rune (pointi za kupandishia levo). Kule ndani kinachopima nguvu yako ni baraka ya Scadutree, inayopandishwa kwa vipande unavyookota. Vipande viko 50, levo za baraka ni 20, na kila levo huongeza unachopiga na kupunguza unachopigwa. Linganisha na pointi moja ya Strength baada ya 80, ambayo huioni hata kwa darubini. Vipande vya mwanzo vingi viko chini ya misalaba ya Miquella na kwenye makanisa yenye sanamu ya Marika, kwa hiyo zunguka Gravesite Plain (uwanda wa mwanzo wa nyongeza) kabla ya kuingia ngome ya Belurat. Ukifika kwa bosi wake, Dancing Lion, na baraka ya 3 au 4 utapumua.

Baraka inapandishwa ukiwa umekaa kwenye neema. Kuokota peke yake hakufanyi kitu, na watu husahau. Nje ya Realm of Shadow (dunia ya nyongeza) haifanyi kazi. Majivu yako ya roho (wasaidizi unaowaita vitani) na farasi wako Torrent wana baraka yao tofauti, levo 10, kupitia Revered Spirit Ash. Vigor iwe 60, zaidi ya hapo ni kupoteza.

Tatizo lako ni NG+: maadui wa nyongeza nao hupanda kwa mzunguko, na hakuna kurudi nyuma. Kama una mhusika mwingine ambaye bado yuko mzunguko wa kwanza, ingia naye.

MzeeWaParry:
Naongezea: baraka ukishaipata haifutiki ukianza mzunguko mwingine. Mlango ndio utaufungua upya kila mara.