Tupeane uzoefu: São Paulo kwa waliowahi kutumwa huko kikazi

Ndugu wanajamvi, salaam. Mwaka juzi ofisi yetu ya Moshi ilinituma São Paulo kwa siku tisa, kukagua mitambo ya kukobolea kahawa kabla haijalipiwa. Ningependa waliowahi kufika huko kikazi waeleze waliyoyaona, mimi naanza.

Maghorofa ni mengi mpaka macho yanachoka, lakini kilichonikaa kichwani ni saa. Mji ule uko nyuma yetu kwa saa 6, na kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa kunapopambazuka, hesabu zetu zinakutana: wao wakisema ni saa 8 asubuhi, nyumbani wanasema saa nane mchana. Kwa hiyo sikuigusa saa yangu ya mkononi tangu nilipoondoka KIA. Niliisoma kwa Kiswahili, nikapata majira ya São Paulo bila kukosea. Mwenyeji wangu alipouona mshale mfupi uko kwenye mbili, nami nikimwambia kuwa ni saa nane na kikao kinatusubiri, alidhani safari imenichosha.

Foleni zake msizidharau. Tangu mwaka 1997 kila gari lina siku moja ya kazi ambayo haliruhusiwi katika eneo la kati saa za msongamano, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. La mwenyeji wangu liliishia na 7, basi Alhamisi tukapanda metro, ambayo, kusema kweli, ilitufikisha mapema kuliko siku nyingine zote. Hata mabango makubwa ya biashara yalipigwa marufuku mwaka 2007. Siku ya kwanza nilihisi kuna kitu kimepungua barabarani, nisijue ni nini.

Mchangiaji wa Mombasa:
Mimi nilikwenda kwa mafunzo ya shughuli za bandari, tukilala São Paulo na kuzuru Santos. Kireno sikukijua, lakini mezani nilijikuta nyumbani, maana meza ni "mesa" na kopo ni "copo". Jumapili mwenzetu mmoja alinialika "igreja", nami nikasikia gereza. Kumbe ni kanisa, na neno letu limetoka huko huko. Chakula cha mchana tulikula kwenye migahawa ya kilo, ambako unajipakulia mwenyewe, sahani inawekwa kwenye mizani, na unalipia uzito. Baada ya kulipia maji ya tikiti siku ya kwanza, nilibaki na wali, maharage meusi na unga wa muhogo uliokaangwa.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Nilifika Julai na mashati mepesi, nikidhani Brazil yote ni joto. Mji uko juu, yapata mita 760 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ile ya manyunyu nilitetemeka hadi Brás, mtaa wa maduka ya nguo, nikanunua koti zito. Nililivaa kila siku, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano nikaitia katika mfuko wake wa ndani ili isipotee. Siku ya kurudi, nikiwaza joto la Dar, nililikunja koti nikalifungia kwenye begi kubwa. Uwanjani, kabla hata ya kuifikia mizigo, muuguzi akaniomba kadi.