Kikundi: WAJUKUU WA KIWIRA 🍌

Mama Lusajo 06:12
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nakumbusha safari ya watoto Jumamosi. Noah imepatikana, 120,000. Watoto wanane, kila mmoja 15,000. Kimondo cha Mbozi, kesho yake Daraja la Mungu. Waliolipa ni mimi (wawili) na Mama Neema. Wengine naona tiki za bluu tu.

Mama Lusajo 08:40
Jamani?

Ba Mdogo Gwakisa 12:55
Shemeji punguza presha, kimondo kipo pale miaka yote, hakina mguu 😂

Mama Lusajo 12:57
Noah ndiyo ina mguu. Lusajo alikwenda mwezi wa tatu na baba yake, wakipeleka mzigo Tunduma. Alikipima kwa kamba ya katani, kimezidi mita tatu. Akakigonga kwa kijiwe, kikalia kama kengele. Akaona pale walipokikata zamani, mpaka leo ananiuliza ni msumeno gani unakata chuma cha angani. Hayo ubaoni angeyapata wapi?

Ba Mdogo Gwakisa 12:59
Kingeangukia uani kwangu kingeshafika kwa watu wa chuma chakavu. Tani 12 mnazijua nyie?

Mama Neema 13:04
😂😂 kilo wanachukua bei gani siku hizi? Nina bati kuukuu hapa

Anko Mwalimu 16:20
Mama Lusajo, kimondo ni kizuri. Swali langu la Pasaka hujanijibu. Lusajo hajakanyaga darasa tangu Januari. Yuko la nne. Upimaji atafanyia wapi, kwenye lori? Kuna Sheria ya Elimu ya 1978, mtoto anatakiwa awe ameandikishwa shule.

Mama Lusajo 16:31
Anko, anasoma. Asubuhi hesabu na Kiswahili mezani, mchana tunatoka. Pale mizani alisoma tani na kilo za lori mwenyewe, akatoa na uzito wa gari tupu. Hilo la shule nalifuatilia.

Anko Mwalimu 16:32
Tangu Pasaka.

Mama Lusajo 16:33
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Tusa 19:30
Mimi hayo ya shule simo. Ila kabla sijatoa shilingi, ile hela tuliyochanga ya Coaster ya kwenda Matema iliishia wapi?

Mama Lusajo 19:31
Wifi, si iliingia kwenye jenereta?

Ba Mdogo Gwakisa 19:33
Jenereta tuiache ilale. Hata ilipokuwa nzima haikuwaka 😂

Shangazi Tusa 19:33
Cheka. Nani aliondoka nayo?

Babu 19:41
🎤 Sauti 0:52

Subira 19:44
Bando limeniishia, Babu amesemaje?

Mama Neema 19:50
Nimeisikiliza mara mbili. Anasema: "Mnabishana juu ya kimondo. Kati ya hao watoto, nani ameonyeshwa kaburi la bibi yake? Nimepita jana, migomba ya jirani imefika kwenye msalaba. Waje hapa kwanza, waje na majembe, niwaonyeshe mpaka wetu unapopita. Wakimaliza, waende huko kwenye chuma chao." Halafu amekohoa, ikakatika.

Ba Mdogo Gwakisa 21:48
Nimesikia Baba. Ndaga fijo, asante sana.

Shangazi Tusa 21:50
Ndaga Baba.

Mama Lusajo 21:52
Ndaga Baba. Basi Jumamosi tunaanzia nyumbani. Lusajo atakuja na kamba yake, wapime huo mpaka. Jioni tupitie Daraja la Mungu, waone lava ilivyoganda juu ya mto Kiwira. Kimondo Jumapili?

Shangazi Tusa 21:53
Jumapili ibada.

Mama Lusajo 21:53
Jumatatu?

Anko Mwalimu 21:54
Jumatatu wenzake wako shule.

Mama Neema 22:01
Dereva wa Noah anajua kama mmebadilisha?

Mama Lusajo 22:03
Nitampigia asubuhi. Majembe nani anayo? Mimi ninalo moja, mpini unacheza.

Subira 06:05
Ndiyo naona sasa. Jumamosi ipi, hii hii?